Fundi atapita wapi?

Kule nilikuwa natumika, kulikuwa mkanda mmoja wa kubeba mawe ya shaba. Kubadilisha kigurudumu kimoja cha chini, fundi alipaswa kulala chali, kupitisha mkono katikati ya vyuma viwili na kufungua buloni bila kuiona. Mwenzetu mmoja aliacha vidole viwili mule. Kwenye raporti wakaandika: uzembe.

Nilikumbuka mkono ule niliposoma habari za mashini za fuzyoni, zile zinatafuta umeme kwa kuunganisha viini vya hidrojeni, sawa vile jua linafanya. Wengi wanashangaa moto wake: ITER, inayojengwa kusini ya Ufaransa, inatakiwa kufika digrii milioni 150. Mimi nilishangaa kitu kingine. Mbele ya kujenga, walipaswa kuchora namna ya kutoa vipande vya ndani.

Juu nyutroni zinazotoka katika moto ule zinachosha chuma, tena zinakifanya kitoe miale ya hatari. Mtu hawezi kuingia na ufunguo mkononi. Njo maana sakafu ya ndani ya ITER imekatwa vipande 54, kila kimoja karibu tani 10, na roboti zitavivuta kwa reli mpaka kwenye milango ya chini. Kule Uingereza, mashini ya JET ilibadilishwa sakafu yake hivi mwaka 1998: mikono miwili ya roboti ndani, fundi nje, anashika mikono mingine na kusikia uzito wa chuma kama vile anakigusa. Mwaka 2015 watu wa MIT, Marekani, walichora ARC, ambayo sumaku zake zinafunguka ili chungu chote cha ndani kinyanyuliwe kwa mara moja. Ilikuwa karatasi tu, lakini wazo lile ni la fundi kabisa.

Si kusema hawakosei. Mwaka 2022, ITER walitangaza kwamba wamekuta nyufa kwenye mabomba ya kupoza. Kipande kikubwa, kilichokwisha kuteremshwa kwenye shimo lake, kikapandishwa tena mwaka uliofuata.

Sasa neno langu ni hili. Kule walimfikiria fundi juu mwili wake hauwezi kuingia. Wetu unaingia, hata kwa kujikunja, njo maana wachoraji hawasumbuki. Mkono wa mtu umekuwa bei rahisi kuliko mlango wa chuma.

Ndugu wa sendika, kompani ikileta mchoro wa mashini mpya, tusiulize tu inasaga tani ngapi kwa saa. Tudai fundi mmoja akae kwenye meza ile mbele ya kusaini, na waonyeshe kwa kidole: kipande hiki kinatokea wapi, mtu anasimama wapi, ufunguo wa umeme uko mfukoni mwa nani. Na wasituambie ni mambo ya mainjenieri.

Kwa mkanda ule wetu, kukata chuma na kuweka kamlango ilikuwa kazi ya siku moja. Tuliomba miaka miwili. Walikaweka wiki moja kisha ajali.