Maswali Yaulizwe Pwani

Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Methali hiyo hutumika mara nyingi kumnyamazisha mteja aliyekodi jahazi au ngalawa anapouliza habari za upepo, idadi ya abiria au majaketi okozi. Hata hivyo, methali inahusu chombo kilicho safarini. Chombo ambacho nanga yake bado haijang'olewa hakimo. Pwani, kila anayepanda ana haki ya kuuliza na hata ya kuahirisha safari. Tanga likishatwekwa, amri na iwe ya mtu mmoja. Nyakati hizi mbili zikichanganywa, ndipo roho hupotea.

Jambo hili ni la afya kama lilivyo la ubaharia. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na zaidi ya tisa katika kila kumi walikuwa wa nchi za kipato cha chini na cha kati. Aidha, toleo la 10 la uainishaji wa kimataifa wa magonjwa huweka vifo vitokanavyo na ajali za vyombo vya majini katika fungu la usafiri. Anayesoma takwimu za kuzama peke yake anaweza kudhani kwamba tatizo ni dogo kuliko lilivyo.

Maswali ya pwani si mengi. Je, kuna jaketi okozi kwa kila mtu, pamoja na la kumtosha mtoto? Na livaliwe na kufungwa kabla ya kuondoka, kwa sababu tanga likilala majini hakuna atakayepata nafasi ya kulitafuta chini ya mbao. Je, watu ni wengi mno? Ukingo ukiwa karibu na maji ilhali chombo kimetulia, wimbi la kawaida litaingia ndani. Je, nahodha amesikiliza utabiri wa leo? Kusi ya Juni hadi Agosti huvuma kwa nguvu, na bahari iliyotulia asubuhi huweza kuchafuka alasiri. Nani mwingine chomboni anaweza kushika usukani endapo nahodha mwenyewe ataanguka majini? Na nani aliyebaki nchi kavu anajua saa ya kurudi?

Baada ya hapo, utii huanza. Abiria akae alipoambiwa, maana uzito wa watu ni sehemu ya mizani ya chombo. Tanga linapogeuzwa, foromali na kamba hupita kwa nguvu. Kichwa kiwe chini na mikono iwe mbali. Upepo ukizidi, mabaharia hulegeza demani, yaani kamba inayozuia tanga, ili upepo upite. Asiyeelewa asiishike wala asiikalie. Mtu akianguka, mmoja amwelekezee kidole bila kumwondolea macho huku chombo kikigeuzwa, kwani kichwa cha mtu hupotea upesi kati ya mawimbi.

Wahudumu wa afya nao wana sehemu yao. Mtu mwenye kifafa aulizwe kuhusu safari za majini kama anavyoulizwa kuhusu kupanda ngazi au kupika kwa moto. Asikatazwe tu bila maelezo: avae jaketi, asikae ukingoni, na nahodha aarifiwe. Atumiaye insulini abebe sukari mahali pasipoingia maji. Dawa nyingi za kichefuchefu cha bahari huleta usingizi, basi asizitumie anayeongoza chombo. Pombe isubiri mpaka wote washuke.

Aliyeopolewa akiwa hapumui amekosa oksijeni kwanza kabisa. Apewe pumzi 5, kisha mikandamizo 30 ya kifua kwa pumzi 2, bila kukoma hadi msaada ufike. Kumkandamiza tumbo ili maji yatoke hupoteza muda na huweza kupeleka matapishi mapafuni. Anayekohoa au kuhema kwa shida baada ya kuopolewa apelekwe hospitali hata kama anatembea mwenyewe.

Wapo watakaosema kwamba mwenye ngalawa ni maskini, na kumdai majaketi ni kumnyima riziki. Hoja hiyo ina uzito, na mamlaka za usafiri wa majini zingefanya vyema kumsaidia kuyapata kwa bei anayoimudu. Lakini mwenye chombo huweka kile ambacho wateja hukidai. Wateja watatu wakikataa kupanda kwa siku moja, wa nne atakuta jaketi likimsubiri. Na nahodha atakuwa amepata chombo salama bila kupunguziwa hata chembe ya amri yake baharini.