Mpe Dada Dakika Tatu, Lakini Mpe na Daktari

Hebu tupige hesabu kidogo. Usijali, haihitaji digrii. Mimi mwenyewe nilitoka chuoni kabla ya kuvaa joho na bado inaingia kichwani.

Pambano la wanaume la kuwania taji la dunia kwa kawaida ni raundi 12, kila raundi dakika tatu. Hizo ni dakika 36. La wanawake, taji lile lile, kwa kawaida ni raundi 10 za dakika mbili mbili. Dakika 20. Yaani dada anamaliza kazi na kuvua glavu wakati kaka angali na dakika 16 za kuonyesha anachojua.

Sasa jiulize: nani aliamua hivyo, na kwa nini?

Jibu utakalopewa ni neno moja tu: usalama. Na hapo ndipo nataka tukae mimi na wewe, kwa sababu neno hilo ni zuri sana, na neno zuri huweza kuficha mengi.

Kwanza tuelewe dakika moja hufanya nini ulingoni. Raundi inapoanza, mabondia wawili wanapimana. Huyu anarusha jabu aone mwenzake anakwepa upande gani. Yule anatafuta nafasi ya mbavu. Dakika ya kwanza inaisha hivyo. Ya pili ndiyo ya kuanza kutumia ulichokisoma. Ya tatu ndiyo ambapo pumzi inakatika, mikono inashuka, na aliyejenga kazi yake polepole anavuna. Dada akifika hapo kengele inalia. Mpinzani wake aliyekuwa karibu kulishwa sakafu anakwenda kukaa kwenye kiti, anamwagiwa maji, anarudi akiwa mpya.

Halafu ukiingia mitandaoni unakuta jamaa wanacheka: "Ndondi za manzi hazina nokauti, hazina noma." Unamfunga mtu miguu kisha unamcheka ati hajui kukimbia! Na promota naye anachukua kicheko hicho na kukigeuza kuwa hesabu ya malipo: mnapigana muda mfupi, hamuangushani, kwa hivyo doo yenu ni hii hapa. Kidogo.

Wenyewe wamechoka. Oktoba 2023 mabondia wanawake zaidi ya ishirini walitia saini taarifa ya pamoja wakidai haki ya kuchagua raundi 12 za dakika tatu kama wanaume. Mwezi huo huo, tarehe 27, Amanda Serrano wa Puerto Rico alizichapa raundi hizo zote 12 na Danila Ramos wa Brazil mjini Orlando, Marekani, na akashinda kwa kauli moja ya majaji. Mashirika ya WBA, IBF na WBO yaliidhinisha. Baraza la Ndondi Duniani, WBC, lilikataa. Mwezi Desemba Serrano akaurudisha mkanda wa WBC, akasema hawezi kushikilia taji la watu wasiompa uhuru wa kuchagua.

Fikiria hilo. Kuna watu wametoa jasho miaka kumi kuutafuta mkanda huo, yeye ameuacha mezani kwa ajili ya dakika moja.

Tuwe wa haki lakini. WBC hawaongei hewa tupu. Katika michezo ambayo wanaume na wanawake hucheza kwa sheria zinazofanana, kama vile soka na vikapu, tafiti zimeonyesha kwamba wanawake huripoti mtikisiko wa ubongo mara nyingi zaidi. Na ubongo ukishatikisika hauna spea, hakuna duka Kirinyaga Road utakakoupata mwingine. Tena si mabondia wote wa kike wanaotaka dakika tatu. Wapo wanaopenda mbili kwa sababu zinawaka moto mwanzo hadi mwisho. Hao pia wasikilizwe. Ndiyo maana nasema hili liwe la kuchagua, lisiwe la kulazimishwa, si upande huu wala ule.

Lakini hoja ya usalama ina mashimo, na nitakuonyesha mawili.

Shimo la kwanza liko hapa hapa kwetu. Elizabeth Andiego alipokwenda Olimpiki ya London 2012, mwaka ambao wanawake waliruhusiwa ndondi za Olimpiki kwa mara ya kwanza, walipigana raundi nne za dakika mbili. Mwaka 2017 sheria ya ridhaa ikabadilika, wanawake wakapewa raundi tatu za dakika tatu, sawa na wanaume. Kwa hivyo Christine Ongare alipotuletea shaba kutoka Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Gold Coast 2018, raundi zake zilikuwa za dakika tatu. Fatuma Zarika naye, bingwa wetu wa dunia aliyemshinda Alicia Ashley kule Flint, Michigan, mwaka 2016, alitetea mkanda wake wa WBC kwa raundi za dakika mbili.

Umeona maajabu? Binti wa ridhaa anaaminiwa na dakika tatu. Akikomaa, akapanda daraja na kuwa bondia wa kulipwa, anaambiwa dakika tatu ni hatari kwake. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni.

Utaniambia: lakini wa ridhaa wanapigana raundi tatu pekee, na wanawake wao huvaa kofia ya kinga. Kweli kabisa. Ulingo wa kulipwa hauna kofia na raundi ni nyingi. Sasa kama tatizo ni jumla ya dakika, si tupige hesabu nyingine? Raundi saba za dakika tatu ni dakika 21. Ni dakika moja tu zaidi ya zile 20 za sasa. Mapumziko yatapungua, sawa, hilo madaktari walipime. Ila mtu anayejali ubongo wa dada kikweli angekuwa ameshaketi mezani kujadili njia kama hiyo. Kusema "hapana" na kufunga mlango ni kitu kingine.

Shimo la pili ni zito, na linahusu kifo. Mwaka 1982 bondia wa Korea Kusini, Kim Duk-koo, alipigwa na Ray Mancini katika raundi ya 14 mjini Las Vegas, akafa siku chache baadaye. Pambano lilikuwa la raundi 15. WBC hao hao walikata raundi za taji hadi 12. Walifanya vizuri. Dakika zina uzito, mimi sikatai. Lakini kwa wanaume walipunguza wakawaachia dakika 36, na hakuna aliyesema wanaume wanyimwe dakika ya tatu kwa sababu ni wanaume.

Sasa njoo 2021. Jeanette Zacarias Zapata, msichana wa Mexico wa miaka 18, aliangushwa mwisho wa raundi ya nne mjini Montreal, Canada. Siku tano baadaye alifariki. Raundi zake zilikuwa zile fupi, za dakika mbili. Dakika mbili hazikumwokoa. Kilichowashtua wengi ni kwamba alikuwa amepoteza kwa nokauti mwezi Mei mwaka huo huo, miezi mitatu tu kabla ya kupanda ulingo huo. Swali la usalama lilipaswa kuulizwa kabla ya kengele ya kwanza: huyu binti amepona?

Hapo ndipo penye kiini cha mambo. Usalama wa bondia unaanza kwa daktari anayepima kichwa kabla ya pambano na mwenye mamlaka ya kusema "huyu hapigani leo" hata kama tiketi zimeuzwa. Kuna mechi yenye usawa, si kumchukua manzi aliyeanza mazoezi juzi ukamweka mbele ya mwenye mapambano thelathini ili rekodi ya mwenyeji inone. Kuna likizo ya lazima baada ya nokauti. Kuna refa anayejua kusimamisha pigano mapema, na kona isiyoona haya kurusha taulo. Kuna ambulensi mlangoni, injini ikiwa nzima na dereva yuko ndani. Hakuna hata kimoja hapo kinachotegemea jinsia.

Na kuna kitu cha sita ambacho watu hawapendi kukitaja kwenye orodha ya usalama: pesa. Bondia anayelipwa vizuri anaweza kupumzika miezi mitatu kichwa kitulie. Anayelipwa nauli na chipsi, mwenye kodi ya nyumba tarehe tano, atapokea simu ya promota wiki mbili baada ya kuangushwa na atasema "niko fiti, bosi." Atadanganya daktari kama yupo. Kwa hivyo wewe unayemlipa kidogo kwa kisingizio kwamba raundi zake ni fupi, ukasema unamlinda, unamrudisha ulingoni kabla hajapona. Malipo duni yenyewe ni hatari ya kiafya.

Ndiyo sababu sitaki tupiganie dakika tatu peke yake tukaenda nyumbani tukishangilia. Tukipewa dakika tatu bila daktari, bila likizo na bila malipo ya maana, tutakuwa tumeomba usawa wa kuumia. Hapa Kenya kina dada wanafunga bendeji mikononi kila jioni kwenye kumbi za mtaa, Kariobangi kama kwingineko, wakiota kufika alikofika Conjestina Achieng na Zarika. Hao ndio watakaolipa gharama ya uzembe wetu.

Msimamo wangu basi ni huu. Bondia wa kike aliyepimwa, aliyejiandaa na anayetaka dakika tatu, apewe. Anayetaka mbili abaki na mbili bila kudharauliwa. Masharti ya matibabu yawe makali sawa kwa kaka na kwa dada. Na malipo yapimwe kwa kazi na kwa watu waliojaa ukumbini. Katie Taylor na Serrano walijaza Madison Square Garden Aprili 2022 kwa raundi za dakika mbili, kwa hivyo hadithi kwamba wanawake hawavutii watu tuifunge.

Wewe msomaji huna kura WBC, na mimi pia sina. Lakini una tiketi yako na una mdomo. Siku nyingine ukienda kutazama pambano la kina dada, kabla hujalipa pale mlangoni uliza mambo mawili: raundi ni za dakika ngapi, na ambulensi imeegeshwa wapi? Wakishindwa kukujibu la pili, rudi na pesa zako nyumbani.