Jina Moja, Maradhi Mengi

Nchini Tanzania, mtu akishika chembe cha moyo na kulalamika kwamba kunawaka moto, jibu la majirani huwa moja: ana vidonda vya tumbo. Majirani hawana kosa; hiyo ndiyo lugha ya mtaani. Kosa huanza pale jina hilo linapoandikwa katika faili la mgonjwa kana kwamba limethibitishwa, ilhali hakuna kipimo kilichofanyika.

Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, toleo la 10, hutenganisha hali hizi kwa makusudi. Kidonda cha mfuko wa chakula hupewa msimbo K25. Cha duodeni, sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba, K26. Uvimbe wa ukuta wa mfuko huo bila kidonda, K29. Saratani yake, C16. Tarakimu ya nne huonyesha iwapo kidonda kinavuja damu au kimetoboka. Hata maumivu ya sehemu ya juu ya tumbo ambayo chanzo chake hakijajulikana yana msimbo wake, R10.1. Kuuandika huo si kukiri ujinga; ni kusema kweli, na kumwachia tabibu anayefuata mlango wazi.

Mlango huo ukifungwa mapema, anayeumia ni mgonjwa. Mwenye saratani changa aliyeandikiwa "vidonda" hurudi akapewa omeprazoli ileile. Maumivu hutulia kwa muda, saratani ikiendelea kukua. Aliyeumizwa na diklofenaki huendelea kuimeza, kwa kuwa hakuna aliyeandika kwamba anaitumia. Mwenye bakteria wa Helicobacter pylori hukosa antibayotiki zinazomfaa, na asiye nao huzimeza bure. Nayo MTUHA hujumlisha kilichoandikwa, si kilichokuwamo tumboni.

Kumbukumbu ya kweli haihitaji kurasa nyingi: dalili na muda wake, dawa za maumivu anazotumia mgonjwa, kipimo kilichofanyika na majibu yake, na dalili za hatari kama kutapika damu, choo cheusi kama lami au kukonda bila sababu. Chanzo kisipojulikana, kiandikwe hivyo.

Mgonjwa naye ana haki ya kuuliza kwa heshima: "Daktari, umeandika ugonjwa gani, na umejuaje?" Mtoa huduma aliyeandika kwa uangalifu hatakerwa na swali hilo.