Waifai ya Ploti Iwe Kama Maji

Mwaka 2022 serikali iliahidi hotspoti 25,000 za waifai ya umma. Poa. Lakini mtoto hafanyi kazi ya shule sokoni usiku. Anaifanyia nyumbani.

Hapa Mitunguu wakulima wa ndizi hunyunyizia mashamba kwa maji ya mradi wa pamoja. Mbona basi kwa ploti ya nyumba sita kila mtu ahangaike na bando lake? Changeni, mnunue ruta moja. Iwekeni juu, katikati. Tumieni gigahatsi 2.4, hupenya ukuta kuliko 5. Kwenye setingi, tenganisheni simu zisionane.

Nawe landilodi, usituambie hiyo ni anasa. Maji unatutoza, taka unatutoza. Vuta waya, tutalipa.