Reli ikifika Mpondwe, nani atapewa zamu?

Butembo na Beni hazina reli. Kakao na kahawa hutoka kwa lori, kupitia Kasindi, hadi Mombasa. Uganda ina mpango wa kufikisha reli yake mpya Mpondwe, ng'ambo tu ya Kasindi. Wengi wanauliza itafika lini. Swali zito zaidi ni nani atapewa zamu ya kupita. Reli ya zamani iliyofika Kasese mwaka 1956 ilijengwa kwa ajili ya shaba ya Kilembe, si kwa mkulima wa Beni.

Kwenye reli ya njia moja treni hupishana stesheni tu, hivyo zamu za siku ni chache. Shirika lenye treni likiachiwa kuzigawa, mizigo yake itatangulia, na magunia ya kakao yatalala mpakani yakiota ukungu.

Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Kinshasa na wafanyabiashara wa Butembo waitumie kudai haya kabla ya mikataba kusainiwa: mgawaji wa zamu asiwe na treni zake, ratiba na ada zitangazwe, na anayeshikilia zamu bila kuitumia anyang'anywe.