Kaizen Si Rangi ya Ukutani

Mwaka 2007 Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ilianza kutumia mbinu ya Kijapani ya kupanga kazi, mbinu iliyozaliwa viwandani na ambayo tayari ilikuwa imeijengea sifa hospitali ya akina mama ya Castle Street, mjini Colombo, Sri Lanka. Watumishi wa afya wa Tanzania wanaijua kwa maneno matano: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia.

Wapo wanaoibeza wakidai kwamba hospitali yenye upungufu wa dawa na wauguzi haihitaji kufundishwa kupanga makabati. Hoja hiyo ina ukweli wake, lakini haitoshi. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua aweza kufariki katika muda wa saa chache tu. Oksitosini iliyomo katika jokofu la stoo, ambayo ufunguo wake umo mfukoni mwa mtu aliyekwenda kunywa chai, haimfai kitu. Kasoro ya namna hiyo haingojei bajeti.

Hata hivyo, neno la tano ndilo zito. Ni rahisi kubandika lebo na kupaka rangi kabla ya ziara ya mkubwa. Wiki ya pili mafaili yamekwisha rudi sakafuni. Kaizen yenyewe huanza pale watumishi wa wodi, mfagiaji akiwamo, wanapokaa pamoja kuchunguza kwa nini mgonjwa alicheleweshwa, nao wakaruhusiwa kuugeuza utaratibu badala ya kumsaka wa kumlaumu. Wakaguzi, basi, hawana budi kuacha kuhesabu lebo, wakamwulize muuguzi wa zamu ya usiku ni lini pendekezo lake lilitekelezwa.