Kiswahili cha Jikoni na Kiswahili cha Mtihani



Juma lililopita binti yangu alirejea na karatasi ya mtihani wa Kiswahili, ameikunja ndani ya daftari nisiione. Alikuwa ameshindwa na swali lililomtaka abainishe shamirisho katika sentensi. “Mama,” akasema kwa unyonge, “watoto wa bara wamenishinda kwa lugha yetu.”

Hakushindwa na lugha. Alishindwa na istilahi. Sisi wazazi wa pwani hujidanganya kwamba mtoto aliyekinywa Kiswahili pamoja na maziwa hana haja ya kukisoma. Kumbe lugha ya darasani ina majina yake, na asiyefundishwa hayajui.

Nilimketisha jikoni nikampa sentensi: “Mama amempakulia Asha wali kwa upawa.” Nani aliyepakua? Mama, huyo ni kiima. Kilichopakuliwa ni nini? Wali, hicho ni shamirisho kipozi. Nani aliyepakuliwa? Asha, shamirisho kitondo. Kimetumika nini? Upawa, shamirisho ala. Akacheka. Mambo yote aliyajua, ila majina yake.

Istilahi nyingine zina jamaa zake chuoni. Mtoto akitishwa na neno “akifisha”, mkumbushe alama za waqfu katika msahafu: nazo humwonyesha msomaji pa kusita na pa kukoma. Mwonyeshe pia kwamba maneno yana ukoo. Kitabu, katibu, maktaba na mkutubi ni ndugu. Vivyo hivyo elimu, mwalimu, taaluma na mtaalamu. Akimjua mmoja, wengine hawatakuwa wageni kwake.

Yasisahauliwe maneno yanayoamrisha, kwani hayo ndiyo huponza wengi. “Taja” hutaka jina tu. “Eleza” hutaka jina pamoja na ufafanuzi. “Tofautisha” hutaka pande zote mbili. Anayeeleza upande mmoja amejibu nusu. “Thibitisha” hutaka ushahidi kutoka katika kifungu, si maoni matupu.

Nyumbani kwetu sasa tuna daftari la safu tatu: neno, maana kwa maneno ya mtoto mwenyewe, na sentensi inayohusu maisha yetu. Huandika maneno matatu kila siku baada ya Magharibi. Kesho yake huyarudia kabla ya kuandika mapya, na mwisho wa juma huyapitia yote. Hifadhi ya Qur’ani haidumu bila ya murajaa. Na maneno ni vivyo hivyo.

Mama ambaye hakubahatika kusoma sana asiseme, “Hayo si yangu.” Amwambie mwanawe, “Hebu nifahamishe neno hili kwa Kiswahili chetu.” Mtoto akiweza kumfahamisha mamaye, amelijua, akibabaika, wote wawili wamejua pa kuanzia.

Mwenyezi Mungu awafungulie watoto wetu milango ya elimu yenye manufaa. Amin.